Pikapu ya Daktari Ilivyovuta Kushoto

Pikapu nyeupe ya marehemu Daktari Kizito ilikuwa na tabia moja ambayo Kiminini nzima iliijua, na wengine waliiheshimu. Ukiulegeza usukani kidogo tu, ilielekea kushoto. Haikuelekea kwa fujo. Ilienda polepole, kwa adabu, kama ng'ombe wa maziwa anayekumbuka zizi lake jioni.

Daktari mwenyewe alikuwa wa mifugo, si wa watu, ingawa ukiwauliza wakulima wa Trans-Nzoia watakwambia hiyo ndiyo kazi kubwa zaidi. Kutoka Saboti hadi Kiminini hakukuwa na boma lenye ng'ombe ambalo hajawahi kupiga magoti ndani ya tope lake akivuta ndama. Presha ilimwangusha mwaka wa 2005, msimu wa mahindi mabichi, akiwa bado amevaa gambuti zake. Alizikwa kwao, karibu na Bungoma, kando ya babake. Watu walifurika, na wengi walimlilia kwa majina ya ng'ombe wao: huyu ndiye aliyemwokoa Maua, huyu ndiye aliyemwamsha Malkia alipokuwa ameshalala chali.

Aliacha watoto waliokuwa shule za bweni, mke aitwaye Nasambu, na mama mzazi, Nakhungu, ambaye nyumba nzima ilimwita Mayi, na ambaye aliishi nao Kiminini tangu awe mjane. Na aliacha hiyo pikapu.

Nasambu alikuwa na leseni ya udereva, tena aliipata kwa jasho lake, lakini ilikuwa imekaa kabatini miaka mingi chini ya vitambaa vya meza. Kizito alikuwa mmoja wa wale wanaume wanaompenda mke wao sana hata hawawezi kumwachia usukani. "Wewe kaa tu upumzike," angemwambia, na Nasambu angekaa, akapumzika, akautazama ule usukani kwa macho ya mtu anayetazama sahani ya mwenzake. Usukani wenyewe ulivaa sweta. Mayi aliufumia kwa uzi wa sufi, mistari ya kijani na ya damu ya mzee, akaishona juu ya chuma ikabana kabisa, kwa sababu alisikia mwanawe akilalamika kwamba asubuhi za Kitale chuma hicho ni barafu.

Baada ya mazishi Mayi aliacha kula. Hakusema kwamba ameacha. Alisogeza tu sahani. Nasambu alimpikia kunde, akampikia uji wa wimbi, akachinja hata kuku wa mayai, kuku ambaye hakuwa na kosa lolote, na Mayi akanywa chai ya rangi akashukuru. Mwili wake ulianza kupungua mbele ya macho ya watu. Ndipo Jumamosi moja Nasambu alipoitoa leseni chini ya vitambaa, akampakia mama mkwe wake ndani ya pikapu, na kumpeleka Bungoma kufagia kaburi, maana alidhani kwamba pengine akilia hapo atarudi na njaa.

Nasambu aliushika usukani kwa nguvu zote, kama mgeni anavyoshika mtoto wa wenyewe. Wakapita Webuye, wakakaribia njia ya vumbi inayoingia nyumbani, iliyo upande wa kushoto. Nasambu alikuwa hata hajaanza kukata. Alilegeza tu mkono atafute kitufe cha indiketa, na pikapu ikaanza kwenda yenyewe kuielekea ile njia.

"Kizito!" Mayi akaita.

Nasambu akashtuka, akaurudisha usukani.

"Mwache!" Mayi alikuwa amemshika mkono. "Mwache aende nyumbani, mwana wangu. Si wewe umekata. Mimi nilikuwa naangalia mikono yako. Ni yeye."

Na ukweli ni kwamba Nasambu aliona vilevile. Nywele zilimsimama, na machozi yakamjia, na hayakuwa machozi mabaya. Waliingia nyumbani wakilia wote wawili. Walifagia kaburi, wakakaa, na jamaa wa pale walipoleta ugali na mboga za mrenda, Mayi alinawa mikono akala. Akaongeza. Nasambu alimtazama akila na kifua kikamjaa shukrani, na hakuuliza shukrani hiyo apelekewe nani.

Tangu siku hiyo Mayi hakuachwa nyumbani. Gari likiwashwa, yeye ameshavaa kitambaa chake cha kichwa. Na kila gari lilipoelekea kushoto, alikuwa na maelezo. Wakitoka Bungoma kurudi, nyumba yao ya Kiminini ilikuwa kushoto, basi hapo hapakuwa na mjadala. Wakienda Kitale, kushoto palikuwa kwa Eliakim, ambaye fahali wake alitolewa pembe na Kizito. Wakipanda Saboti, kushoto palikuwa na bwawa la kuogeshea ng'ombe. Mtu akifanya kazi ya mifugo miaka yote hiyo, kushoto hakukosi boma linalomjua, na kama lingekuwa gari la kuvuta kulia, Mayi angepata majina vilevile. Lakini usicheke. Mama huyu alikuwa amezika mtoto wake wa pekee, na sasa mtoto alikuwa akimpigia hodi kila safari.

Nasambu naye hakuwa mgumu sana. Alipokuwa peke yake ndani ya gari alizoea kuulegeza usukani kidogo mahali ambapo barabara iko wazi, akiusikia ukiponyoka taratibu chini ya vidole vyake, akasema, "Haya basi, nimekusikia." Kisha anaurudisha. Hilo hakumwambia mtu.

Ila kulikuwa na mambo mengine. Nasambu alifuga kuku wa mayai na kuyapeleka kwenye hoteli za Kitale, na mayai yalianza kupasuka. Yalipasuka yaliyopangwa kushoto tu. Trei za kulia zilifika salama, za kushoto zilifika zikilia machozi ya njano. Mayi alisema ni kuku hawali chokaa ya kutosha. Nasambu akauliza kama kuku wanaokosa chokaa ni wale wa kushoto tu, na Mayi akanuna kidogo. Halafu kukawa na ule mlio. Kila walipopita kwenye shimo, chini ya miguu ya Mayi kulisikika kitu kikigonga, ko, ko, mithili ya mtu anayebisha mlango ambao hataki sana kufunguliwa. Na bega la kulia la Nasambu lilianza kumuuma. Jioni alishindwa hata kuinua sufuria ya ugali. Alidhani ni huzuni imemshukia begani, kwa sababu tangu afiwe kila maumivu aliyapa jina hilo hilo.

Siku iliyovunja mambo ilikuwa Jumapili, wakitoka kanisani. Karibu na steji ya Kiminini mbuzi alikatiza barabara, na Nasambu akakanyaga breki kwa ghafla. Pikapu haikusimama mahali ilipokuwa. Iliruka kushoto kama iliyosukumwa, ikatoka barabarani, ikala vumbi, ikasimama mbele kabisa ya Phelista muuza nyanya. Beseni lake lilikuwa chini ya bampa. Phelista mwenyewe alikuwa amerukia juu ya benchi, viatu vikabaki chini.

Kisha Mayi akashusha kioo, uso umejaa furaha.

"Phelista, usiogope, mama. Ni Kizito anakusalimia. Si alitibu ng'ombe yenu?"

Phelista alikuwa mtu wa heshima na hakutaka kumuumiza mzazi. Lakini hakushuka. "Nimemsikia, Mayi," akasema kutoka juu ya benchi. "Mwambie salamu nimepata. Asirudie, bana."

Watu walicheka, wakaokota nyanya. Nasambu hakucheka. Aliketi nyuma ya usukani akiangalia vile viatu viwili vya plastiki vilivyobaki vumbini mbele ya bampa, vidogo, kimoja kimegeuka. Alimjua Kizito. Alijua alivyokuwa akisimamisha gari mbali kabisa ili vumbi lisiwafikie akina mama wanaouza barabarani. Kizito yule hangesalimia mtu hivi.

Jumatatu alimwambia Mayi kwamba anapeleka mayai, jambo ambalo lilikuwa kweli, na kwamba trei zimejaa hadi kiti cha mbele, jambo ambalo halikuwa kweli. Akaenda peke yake hadi Kitale, kwenye gereji ya Thuo, kando ya barabara ya kwenda Tuwan.

Thuo alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye tabia ya kuliamkua gari kwanza kabla ya mwenye gari. Aliizunguka pikapu bila kuigusa. Akachutama, akapitisha kiganja juu ya tairi la mbele la kushoto: upande wa ndani lilikuwa limekwisha, laini kabisa, na upande wa nje bado lina meno. Akasimama, akakandamiza mbele ya gari kwa uzito wake wote, akaachilia. Upande wa kulia ulipanda na kutulia. Upande wa kushoto ulipanda, ukashuka, ukapanda tena, ukaendelea kuitikia kama mlevi.

"Hii ni ya Daktari," akasema.

"Ni yake."

"Pole sana, mama. Daktari alikuwa mtu. Ng'ombe ya mamangu Saboti aliitoa kwa kaburi." Akavuta jeki. "Hii gari, nilimwambia alete. Nilimwambia mara nyingi. Kila saa ananiambia wiki ijayo, kuna mahali ng'ombe inazaa."

Gurudumu lilipoinuka hewani, Thuo alilishika juu na chini kwa mikono miwili, akalitikisa. Ko, ko. Nasambu akautambua ule mlio. Ulikuwa ule wa chini ya miguu ya Mayi.

"Kuja ushike mwenyewe."

Akashika. Gurudumu zima lilicheza mikononi mwake kama jino la mtoto.

"Ukitikisa kulia na kushoto ikicheza, hiyo ni tairodi, kile chuma kinasukuma gurudumu ukikata kona," Thuo akaeleza. "Lakini hii inacheza juu na chini. Hiyo ni kifundo cha chini, boljointi. Ndio inabeba gurudumu yote. Sasa angalia huku." Akamulika tochi. "Huu mkono wa chuma unatoka kwa gari mpaka kwa kifundo. Wa kulia umenyooka, si ndio? Huu wa kushoto umepinda, umerudi nyuma. Aliingia mtaro mahali. Gurudumu ikirudi nyuma hivi, gari inavuta upande huo, na ukifunga breki inaruka huko. Na bushi zake, hizi raba, zimeisha, na shokabsoba imekufa."

"Kwa hivyo ndiyo maana inaenda kushoto."

"Ndiyo maana. Na si kitu ya kucheza, mama. Hicho kifundo kikitoka ukiwa kwa mwendo, gurudumu inalala chini ya gari. Basi."

Nasambu aliutazama ule mkono uliopinda. Alikuwa ameshajua, tangu vile viatu vya Phelista alikuwa anajua. Lakini alichoona mbele yake ni sahani ya Mayi ikisogezwa.

"Thuo," akasema, "unaweza kukaza hilo gurudumu lisitoke, halafu uache hiyo ya kuvuta?"

"Ati niache?"

"Ivute tu kidogo. Kushoto. Vile imezoea."

Thuo alidhani amesikia vibaya. Basi Nasambu akamweleza yote: kaburi, njia ya nyumbani, ugali na mrenda, mama aliyeanza kula kwa sababu ya gurudumu bovu. Akaeleza akiangalia chini, hata kwamba yeye mwenyewe huulegeza usukani akiwa peke yake. Thuo hakucheka. Alichukua kitambaa akapangusa vidole, kimoja kimoja, vidole ambavyo havingekuwa safi hata vingepanguswa mwaka mzima.

"Hiyo sijawahi ulizwa," akasema mwishowe. "Naweza weka kifundo kipya kwa huu mkono umepinda. Itavuta vile unataka. Lakini huu mkono ndio ulikula kifundo cha kwanza, na utakula hicho pia. Na breki itaruka vile vile. Siku moja unateremka kwa daraja ya Kamukuywa, wewe na huyo mama. Mimi nitasikia kwa redio." Akatikisa kichwa. "Siwezi, mama. Hata ya Daktari. Ama tuseme, hasa ya Daktari. Mwambie yeye kwanza. Nitangoja."

Akaiacha pikapu hapo juu ya jeki, akarudi Kiminini na trei zake tupu.

Mayi alikuwa uani akipura maharagwe kwa fimbo. Aliangalia nyuma ya Nasambu, akaangalia lango, akaona hakuna gari.

"Mayi, gari ni mbovu," Nasambu akaanza, na akasema kila kitu kwa mkupuo, kifundo, mkono uliopinda, mtaro, kama alivyoelezwa. Mayi alisikiliza hadi mwisho bila kuacha kupura.

"Kwa hivyo mtoto wangu ni chuma kimepinda."

"Sijasema hivyo, Mayi."

"Mimi mwenyewe nimemwona akienda nyumbani. Na wewe ulimwona. Ulilia." Fimbo ikasimama. "Wewe una watoto. Una kuku. Utapata hata mtu wa kukuoa, bado una nguvu. Mimi niko na hiyo pahali moja tu kwa balabala ambayo ananikumbuka. Sasa umeenda Kitale kumlipa mtu amtoe. Unataka kumzika mara ya pili, Nasambu?"

Maneno hayo yalimwingia Nasambu kama mwiba wa mgunga. Alitaka kujibu kwa hasira, na hasira alikuwa nayo. Alikuwa mjane vilevile, na hakuna aliyemuuliza kama anakula. Lakini alimeza. Chakula kilipoiva, Mayi aliisogeza sahani. Kulipokucha aliisogeza na chai pia, kisha akaibuka chumbani amevaa kitambaa cha kichwa na viatu vya kanisani.

"Nipeleke kwa huyo mtu," akasema. "Nataka gari ya mtoto wangu kama vile ilikuwa."

Walifika gerejini kwa matatu. Mafundi wengine walijifanya wana shughuli nyingi chini ya magari. Thuo alimletea Mayi kiti, akakipangusa kwa fulana yake, akasimama mbele yake mikono nyuma.

"Shikamoo, mama."

Mayi hakuitika vizuri. "Umemfungua?"

"Sijafungua kitu, mama. Nilisema ningoje. Nimetoa tu hii, juu nilijua nikianza kazi grisi itaingia." Akaingia ndani ya kibanda, akatoka na ile sweta ya usukani, imefungwa ndani ya gazeti safi kama nyama ya sikukuu. "Imeshonwa vizuri sana. Nilikata uzi wa nyuma pekee. Utarudisha tu."

Mayi aliipokea. Mikono yake iliizoea mara moja. Ilikuwa kazi ya vidole vyake mwenyewe, na vidole vina kumbukumbu zao. Akaizungusha mapajani, kijani, damu ya mzee, kijani, akikagua mshono kwa mshono kama wanawake wanavyokagua kazi ya mikono, hata ya kwao, wakitafuta kosa. Halafu vidole vikasimama.

Mahali pamoja, upande wa kulia, sufi ilikuwa imekwisha. Haikuchanika. Ilikuwa imesagwa mpaka zikabaki nyuzi tupu, nyembamba, nyeusi kwa jasho la zamani, urefu wa kiganja cha mwanamume. Kwingine kote ilikuwa nzima, kama vile ilitoka sindanoni wiki iliyopita.

"Hapa pamefanywa nini?" Mayi akauliza. "Mimi sikufuma vibaya hapa."

"Hukufuma vibaya, mama." Thuo akachutama mbele yake. "Hapo ndipo mkono unashika ukizuia gari isiende kushoto."

"Ni Nasambu ameharibu?"

"La. Nasambu ameendesha juzi tu. Hiyo imechukua miaka. Na huo mkono wa chuma, pale ulipinda, kutu imeingia mpaka ndani. Ni ya kitambo. Daktari aliingia huo mtaro kitambo sana, na akaendelea tu kuendesha."

Mayi aliinua ile sehemu iliyosagika akaileta puani. Nasambu alijua kitakachokuwepo hapo kabla Mayi hajanusa: dawa ya kupe, sabuni ya kipande, na mtu wao. Mama alifumba macho.

"Bega," akasema.

Nasambu alisogea. "Mayi?"

"Bega lake la kulia. Si lilikuwa linamuuma kila jioni? Mimi nilikuwa namkanda na mafuta. Nilimwambia ni ng'ombe, ni kuingiza mkono kwa ng'ombe wa watu kila siku." Akafungua macho, akamgeukia Thuo. "Niambie kitu moja, na usinidanganye. Wakati huyo mtoto yuko hai, tukikaa hapo ndani mimi na bibi yake tukiongea maneno yetu, gari inaenda sawa kabisa. Sikuwahi kuiona ikienda kushoto. Hata siku moja."

"Ndiyo, mama. Ilikuwa inavuta. Yeye alikuwa anaishikilia."

"Njia yote?"

"Njia yote."

Mayi aliiweka sweta mapajani akaikunja polepole. Alipozungumza tena, alizungumza na Nasambu, kwa sauti ambayo Nasambu hakuwa ameisikia tangu msiba.

"Basi huyo wa kwenda kushoto si yeye," akasema. "Hiyo ni gari tu. Yeye ni huyu alikuwa anazuia. Na mimi nimekuwa nikifurahi vile ameachilia."

Alilia hapo kwenye kiti cha gereji, kilio kikubwa kuliko cha kaburini, na Nasambu alipiga magoti kwenye vumbi la mafuta akalia naye, na sketi yake haikutakata tena mpaka leo. Thuo aliondoka akaenda kupanga spana ambazo zilikuwa tayari zimepangwa. Alipoona wametulia kidogo akarudi, akasimama mbali.

"Tengeneza," Mayi akamwambia. "Toa hicho kitu imepinda. Umnyooshee."

Jumamosi iliyofuata walienda Bungoma. Pikapu ilikuwa na mkono mpya wa chini, kifundo kipya, bushi na shokabsoba za mbele pande zote mbili, na Thuo alikuwa ameyanyoosha magurudumu yake na kuijaribu hadi Saboti na kurudi. Ilipita kwenye mashimo bila kubisha hodi. Ikaenda sawa. Nasambu ndiye aliyekuwa anapinda: kwa mazoea aliuvuta usukani kulia, na gari linaenda kulia kweli, anashtuka, anarudisha. Mayi alitazama mbele tu. Tangu Webuye hakusema neno, na Nasambu alianza kuogopa ile njia ya vumbi kama mtu anavyoogopa kufungua mlango wa chumba cha marehemu.

Ikafika. Nasambu akalegeza mkono atafute indiketa, na pikapu ikaendelea moja kwa moja, haina habari. Ilibidi akate yeye mwenyewe. Akakata. Matairi yakaingia kwenye vumbi. Hakuna aliyeita jina la mtu.

Walifagia kaburi. Majani ya mparachichi yalikuwa mengi, na jembe lilihitajika kwa magugu ya pembeni. Nasambu alipoinua jembe bega likamkata, akalishusha, akajisugua.

"Una nini hapo?" Mayi akauliza.

"Si kitu, Mayi. Ni hili bega. Linaniuma tangu..." Tangu aanze kuendesha ile pikapu. Hakuwa ameliwaza mpaka hapo, na sasa alipoliwaza hakujua afanye nini na uso wake.

"La kulia."

"La kulia."

Mayi alimtazama mkwe wake kwa muda mrefu, mwanamke aliyekonda, aliyekuwa amevaa blauzi ile ile ya mazishi, na ambaye miezi yote hii alikuwa ameshika gari peke yake bila mtu wa kumwambia kwamba linavuta. Kisha akaketi kwenye ukingo wa kaburi la mwanawe, akafungua mkoba, akatoa kichupa cha mafuta. Kilikuwa kile kile cha Kizito, kimebaki nusu. Alikuwa akitembea nacho tangu msiba na hakuna aliyejua.

"Kuja hapa," akasema. "Fungua kifungo. Leta hilo bega."

Nasambu akaketi chini, mbele ya magoti yake. Vidole vya Mayi vilikuwa na nguvu kuliko alivyotarajia, na vilijua hasa pa kushika.